Mama Amenukuliwa

Msusi alikuwa amegawa nywele za mteja mafungu manne, fungu la mbele kalibana, na mkia wa kitana ulikuwa unachora mstari kutoka sikio la kulia kwenda kisogoni, wakati mama yake mwenyewe alipotokea kwenye televisheni. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, siku ambayo saluni haina pa kuweka mguu. Mteja mmoja alikuwa chini ya draya, wawili wanasubiri kwenye benchi, na televisheni ya ukutani ilikuwa inapiga muziki tangu mlango ulipofunguliwa, kama kawaida yake, bila mtu kuitazama.

Wimbo ulikuwa mpya, wa Kengele, yule binti mwimbaji ambaye siku hizi huwezi kununua hata kipande cha sabuni bila kukuta sura yake kwenye karatasi. Kengele alikuwa amesimama juu ya meza ndefu, amevaa gauni la kijani, anazungusha kiuno polepole, kisha anageuza shingo kutazama nyuma ya bega lake. Na pale alipotazama, juu ya meza hiyohiyo, alikuwepo mama yake Msusi, naye kavaa gauni la kijani, miguu peku, anacheza.

"Huyo si mama yako?" akauliza mmoja wa wale wa benchi, jirani wa miaka mingi aliyewahi kuiona kanda ya nyumbani kwao.

"Ndiye."

"Kapendeza."

"Ahsante," akasema Msusi, akaendelea na mstari wake. Ulikuwa umepinda, ikabidi aufute na kuanza upya.

Mama huyo alifariki zamani, Msusi akiwa hajaota hata jino la kwanza. Alikuwa mchezaji katika bendi, na kitu alichoacha duniani, ukimtoa Msusi mwenyewe, ni video moja ya wimbo mmoja, ambamo anacheza juu ya meza nyuma ya mwimbaji mkubwa wa enzi hizo. Mwimbaji naye alishakufa, bendi ilishavunjika, lakini wimbo ulikataa kufa. Kwenye ile video mama hachezi kama watu wengine wanavyocheza. Anaelea. Mkono unapanda taratibu, shingo inageuka taratibu, tabasamu linakuja taratibu mpaka unaona kama linakuja kwako peke yako. Msusi alijifunza uso wa mama yake kwenye kanda hiyo, na utotoni alikuwa akisimama mbele ya kioo akiigeuza shingo yake hivyo hivyo, mpaka inamuuma.

Huyu wa saluni alikuwa mama yuleyule, ila hakuwa anaelea. Alikuwa na haraka. Miguu ilikuwa inagonga meza harakaharaka, kifua kinapanda na kushuka, jasho linamchuruzika kwenye paji la uso, na macho yake yalikuwa yanatazama pembeni, nje ya picha. Kilichompata Msusi hakikuwa mshangao. Ulikuwa uchungu, ule wa kumwona mtu wako kwenye shughuli ya watu na hakuna aliyemkaribisha kiti.

Wimbo ulipokwisha, maandishi yakapita chini ya picha. Lilikuwepo jina la Kengele, la mwongozaji, la mpakaji rangi za kucha, na la mwenye mbwa, ingawa mbwa hakuonekana popote. La mama halikuwepo. Waswahili walishasema, asiyekuwepo na lake halipo; lakini huyu alikuwepo, tena kalowa jasho.

Jioni Msusi alimkuta baba yake amekaa mbele ya televisheni ya nyumbani, mikono magotini, sahani ya chakula imefunikwa vilevile alivyoiacha mchana. Mzee alikuwa fundi mitambo mstaafu, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Kila jioni, baada ya kula, alikuwa akiitia kanda kwenye deki, anaitazama mara moja, anaizima, anakwenda kulala. Wengine wana kaburi la kutembelea. Yeye kaburi alikuwa nalo pia, lakini alisema kaburi halichezi.

"Ameondoka," akasema Mzee.

Msusi akatazama. Kwenye kanda meza ilikuwepo, mwimbaji alikuwepo, pazia la nyuma lilikuwepo. Pale alipokuwa mama palikuwa pamebaki nafasi yenye umbo la mtu, rangi ya ukuta. Mwimbaji aligeuka kuitabasamia ile nafasi, akaimba mbele yake ubeti mzima.

"Tangu lini, Baba?"

"Juzi niliona miguu inafifia. Nikasema kanda imechoka, nikasafisha deki kwa spiriti. Jana kabaki mkono. Leo ndio hivyo." Akapangusa kioo cha televisheni kwa kiganja. "Sijampandishia sauti hata siku moja. Sauti yenyewe nilikuwa naipunguza majirani wasije wakalalamika."

"Nimemwona, Baba. Yuko kwenye video ya Kengele."

"Kengele ndiye nani?"

"Mwimbaji. Kijana."

Mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua muda mrefu kwamba jambo hili litakuja. "Vijana," akasema. "Haya. Mke akiondoka nyumbani anafuatwa. Nenda kamwite shangazi yako. Na mimi chakula sitii mdomoni mpaka arudi."

Msusi alijaribu kumbembeleza, akajaribu kumtisha kwa maneno ya daktari. Wapi. Mzee alikuwa na kidonda cha tumbo na dawa zake haziliwi bila chakula. Hilo ndilo lililomtia Msusi hofu kuliko nafasi ile kwenye kanda, maana mzazi aliyebaki alikuwa huyo mmoja.

Shangazi ndiye aliyekuwa akitumwa kila ndoa ilipopasuka katika ukoo. Alikuwa na kipaji chake. Akiingia nyumba iliyogombana anaomba maji kwanza, anasifia mapazia, na akitoka anatoka na mke mkono wa kulia na sanduku mkono wa kushoto. Alikuja asubuhi ya Jumatatu, akatazama kanda mwanzo mpaka mwisho bila kusema neno, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia.

"Amerudi kulekule," akasema mwishowe.

"Kulekule wapi, Shangazi?"

"Jitande mtandio wako tuondoke." Kisha akamgeukia kaka yake. "Na wewe kunywa hata uji. Umri huo si wa kususa."

"Sisusi. Sina hamu."

"Basi kaa na huko kutokuwa na hamu kwako. Uso kama limao."

Kampuni iliyotengeneza video ya Kengele ilikuwa kwenye ghala ambalo zamani liliwekwa saruji. Vumbi lake bado lilitoka kwenye nyufa za sakafu ukikanyaga kwa nguvu. Mwongozaji alikuwa kijana mpole, mwenye miwani ya duara, aliyesoma sana na bado akakumbuka kusimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Una mapazia mazuri."

"Ahsante, mama. Ni ya kuzuia sauti."

"Yanapendeza hata hivyo. Mwanangu, sisi tumekuja kwa wema. Kwetu kumepungua mtu, tumesikia yuko kwako."

"Mtu gani, mama?"

"Mke wa kaka yangu. Mwenye gauni la kijani."

"Ah, yule!" Uso wa mwongozaji ukachangamka. "Yupo. Hajambo kabisa. Sasa hivi anapakwa poda."

"Umemtoa kwetu kwa ruhusa ya nani?"

"Hatukumtoa, mama. Tumemnukuu." Akavuta kiti karibu, akaeleza, na alieleza vizuri, maana alikuwa anakipenda alichokuwa anakisema. Siku hizi, alisema, video nzuri haijitengenezi peke yake. Inazungumza na zilizoitangulia. Inachukua pozi hapa, mwavuli pale, gauni kule, na mtazamaji anayejua anatabasamu, na asiyejua anacheza tu, na wote wanafurahi. Hakuna kipya, kila kitu ni kioo cha kioo kingine. "Ni kama nyinyi wazee mnavyotumia methali," akamalizia.

"Methali nikiitumia haiondoki kwa jirani," akasema Shangazi. "Maneno ya mtu ukiyanukuu yanabaki kinywani mwake. Mbona wewe umetuachia tundu?"

Mwongozaji alijikuna shingo. "Hilo limekuwa likitokea," akakubali, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bomba linalovuja. "Ukinukuu kidogo, anakuja kidogo. Kivuli, labda mkono. Ukinukuu vizuri wanakuja wazimawazima. Tunajitahidi kuwapa chai." Kisha akaweka mkono kifuani. "Lakini mama, hii ni heshima. Huyu alikuwa amesahaulika. Sasa nchi nzima inamjua."

"Inamwita nani?"

Mwongozaji akamtazama katibu wake aliyekaa pembeni. Katibu akatazama kucha zake.

"Inamwita Mwanamke wa Gauni la Kijani."

"Ana jina."

"Bila shaka, mama. Ila kwenye video ya zamani jina halikuandikwa, na sisi tumefuata ya zamani. Tungeliandika tungekuwa tumeiharibu nukuu."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. Msusi, ambaye alikuwa ameahidi kunyamaza, akashindwa. "Kaka, baba yangu hali. Tunachoomba ni kimoja, arudi nyumbani."

"Sijamfunga, dada. Akitaka kwenda aende, na pazia mtafunguliwa. Ila leo tunashuti toleo la pili, Kengele na mwimbaji mgeni, na humo tunainukuu ile nukuu. Zungumzeni naye mapumziko yakifika."

"Mapumziko lini?"

"Karibu tu tunamaliza."

Aliposikia maneno hayo Shangazi alisimama, na hakuaga.

Walielekezwa kupita kwenye ujia mrefu. Kando ya ukuta palikuwa na benchi la watu wa nukuu, na juu yake karatasi imebandikwa inayowaomba wasile vyakula vya wafanyakazi. Palikuwa na mwanamume mwenye mwavuli uliochanika, bwana harusi aliyelowa chapachapa, na wasichana watatu wenye miwani ya pikipiki waliokuwa wakiegemeana, wamesinzia. Maji ya bwana harusi yalikuwa yametengeneza dimbwi, na mfagizi alilizunguka bila kulalamika. Wote walisalimia. Mwenye mwavuli aliuliza kama nje kuna jua, akaambiwa lipo, akasema afadhali.

Chumba cha pili kilikuwa cha mavazi. Mlango ulikuwa wazi, na ndani magauni ya kijani yalikuwa yamening'inia mengi kama sare za shule, kila moja na mabaka mawili meusimeusi kifuani, la kulia na la kushoto. Msusi aliyajua mabaka hayo. Nusu ya wateja wake vijana walikuwa na magauni kama hayo, mabaka yamechapwa kwenye kitambaa kiwandani, na madukani yalikuwa yamekwisha. Kwenye kanda yao ya nyumbani pia yalikuwepo, lakini kanda ilikuwa ya zamani na picha yake ina chengachenga, na yeye siku zote alidhani ni kivuli.

Mwisho wa ujia palikuwa na mlango mzito wenye ngazi mbili za saruji na taa nyekundu juu yake. Kutoka ndani wimbo wa Kengele ulisikika ukienda mbio, sauti nyembamba, maneno yanakanyagana.

Shangazi akakaa kwenye ngazi.

"Mimi mwisho wangu hapa."

"Shangazi, ndiyo kwanza tumefika."

"Wewe ndiye umefika leo. Mimi hapa nilifika zamani." Akapangusa magoti yake, ambayo hayakuwa na vumbi. "Halikuwa ghala hili, lilikuwa jingine, lakini ngazi ni hizihizi na mlango ni huuhuu. Mama yako alirudi kazini ungali mwekundu, tumbo lake bado kalifunga kitambaa. Walisema ni kazi ya asubuhi moja. Mimi nilikuja kukubeba, nikuingize akunyonyeshe wakipumzika. Nikakaa mlangoni. Kila nikigonga wananiambia karibu tu tunamaliza. Jua likaja kichwani, likahama. Ulilia mwanangu, ulilia mpaka sauti ikaondoka, ukawa unafungua mdomo tu. Nilikupa kidole changu unyonye. Ulininyonya mpaka ngozi ikakunjamana."

Msusi alikaa naye ngazini. "Baba alikuwa wapi?"

"Ndani."

"Ndani anafanya nini?"

"Nani alikuwa anaendesha kanda ya sauti, kama si kaka yangu?" Shangazi hakupandisha sauti. "Sikiliza huo wimbo unavyokimbia. Ndivyo wanavyofanya wakitaka mtu aelee. Wimbo unapigwa kwa mbio maradufu, mchezaji anacheza mbio maradufu, halafu picha inapunguzwa mwendo. Wewe nyumbani unaona mtu anaelea. Ndani humu mtu alikuwa anakimbia. Kila akiomba kutoka wanasema mara moja tu ya mwisho, na kaka yangu anairudisha kanda mwanzo. Hakuwa na ubaya. Aliogopa wangemfukuza. Sote tuliogopa. Mimi mwenyewe mlango haukufungwa kwa ufunguo, na sikuusukuma."

"Baba husema siku ile mama alikuwa na furaha."

"Mwanangu, ukipunguza mwendo wa picha, hata anayekimbia moto anaonekana ana furaha."

Taa nyekundu ilizimika. Msusi alisimama, akausukuma mlango.

Ndani kulikuwa na joto la taa na harufu ya poda. Kengele alikuwa amekaa kwenye kiti, anapepewa, miguu kaiweka kwenye beseni la maji baridi; alimwona Msusi akamsalimia kwa adabu, akamwambia nywele zake amesuka vizuri. Mwimbaji mgeni alikuwa anazungumza na simu. Juu ya meza alikuwa amebaki mama peke yake, amesimama wima, kwa sababu hakuna aliyemwambia ashuke.

Alikuwa binti mdogo. Hilo Msusi alilijua kwa hesabu, lakini hesabu ni kitu kimoja na kumwona ni kingine. Angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, yule anayetumwa dukani. Msusi alikuwa na mvi tatu nne kwenye kipaji cha uso, na huyu mama yake hakuwa na hata kunyanzi moja.

Fundi wa mavazi alikuwa amepanda kwenye kiti, anamkausha kifua kwa draya ya mkono. "Hili gauni lake linanitesa," akamwambia Msusi, kwa kuwa alimwona mtu wa draya mwenzake hata bila kuambiwa. "Mabaka ya wenzake yametulia. Yake hayatulii. Asubuhi mabaka yalikuwa madogo, sasa yamefika kiunoni. Nayakausha, yanarudi."

Msusi alinyosha mkono akaigusa ile nguo. Ilikuwa na joto, na haikuwa joto la draya. Akanusa vidole vyake.

"Haya ni maziwa," akasema.

"Eti?"

"Maziwa. Ana mtoto mchanga. Hajamnyonyesha tangu asubuhi."

Fundi wa mavazi alizima draya, akalifikiria jambo hilo. "Kumbe ndiyo maana yanang'aa kwenye kamera," akasema, akashuka kwenda kumwambia mwongozaji.

Mwongozaji alikuja mbio. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, na kusema kweli macho yake yalikuwa yamelowa. "Aisee," akasema. "Nilihisi. Tangu siku ya kwanza nilihisi pale kuna kitu." Akasimama kidogo mbele ya mama kwa heshima, mikono nyuma. Kisha akamwita mpiga picha, akamwambia safari hii asogee karibu zaidi, aanzie kwenye mabaka ndipo apande usoni.

Msusi alimtazama akiondoka. Alikuwa na hasira ambayo hakujua aanze kumtupia nani. Kijana huyu alikuwa amesimama kumpokea Shangazi na kumwamkia. Kengele alikuwa amemsifu nywele. Hakuna mtu mbaya mle ndani, na hilo ndilo lililomtia uchungu zaidi, kwa sababu mtu mbaya angalau unamshika shati.

"Dada," akaita mama kutoka juu ya meza, kwa sauti ya chini. "Samahani dada. Wewe unatoka nje?"

"Natoka."

"Mlangoni kuna wifi yangu, kakaa ngazini na mtoto wangu. Nitazamie. Mwambie wifi nakuja, wamesema karibu tu tunamaliza."

Msusi alikuwa amebeba maneno mengi, tangu enzi za kile kioo cha utotoni. "Mimi nimekuja kukuchukua," ndilo lililotoka. "Twende nyumbani. Shuka."

"Hawajaniachia."

"Wamesema ukitaka kwenda uende. Nimewasikia mwenyewe."

"Huwa wanasema," akajibu mama bila ubishi. "Nikishuka kazi itaharibika, na mume wangu ndiye yuko kwenye mtambo. Watamtoa yeye." Akatazama pembeni, kulekule alikokuwa akitazama kwenye televisheni ya saluni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kompyuta juu ya kigoda, inajiendesha.

"Mume wako ndiye aliyenituma," akasema Msusi. "Hali chakula. Anakutaka nyumbani."

Mama alitabasamu, na lilikuwa tabasamu lilelile la kwenye kanda, ila kwa mwendo wake wa kweli lilikuwa fupi mno, ungepepesa jicho usingeliona. "Masikini. Kanihurumia." Akajipangusa jasho kwa kiwiko. "Mtoto analia?"

"Hapana. Kanyamaza."

"Afadhali. Yule hana usumbufu. Yule atakuwa mtu wa subira."

Msusi alimpa mkono. Mama alisita, akatazama huku na huku, kisha akaushika. Kiganja chake kilikuwa cha moto na kigumu kwa kazi. Aliinama, akashusha mguu mmoja mpaka kwenye kiti cha fundi wa mavazi, vidole vikagusa, uzito ukaanza kuja. Msusi alimpokea kiunoni. Kwa muda mfupi alikuwa amembeba mama yake nusu, na mbele ya blauzi yake ikalowa.

"Tayari!" mtu akapaza sauti.

Wimbo ukaanza mbio, na mguu wa mama ukarudi juu wenyewe, na mkono wake ukatoka mkononi mwa Msusi, na shingo ikageuka. Taa zikawaka. Kengele akapanda mezani, akashika nafasi yake mbele. Mtu mmoja alimshika Msusi bega kwa upole, akamwomba asisimame hapo, anatia kivuli.

Nje, Shangazi alikuwa amekaa vilevile. Alimtazama Msusi usoni, akatazama blauzi yake iliyolowa, akasogea kumpa nafasi.

"Amesemaje?"

"Anasema anakuja. Karibu tu wanamaliza."

Shangazi aliitikia kwa kichwa.

Simu ikalia. Ilikuwa ya Mzee, ambaye kwa kawaida hapigi simu, anasubiri kupigiwa. "Mmemwona?"

"Tumemwona, Baba."

"Hajambo?"

"Yuko kazini. Kamuulizia mtoto."

Msusi aliisikia deki ikinguruma upande wa pili, akamsikia baba yake akimeza mate. Alingoja aseme neno lolote, hata moja, hata la uongo.

"Mwambie kanda nimeshairudisha mwanzo," akasema Mzee. "Namsubiri."

Msusi alikata simu. Mlinzi alikuja kuwaambia wasikae katikati ya mlango, kuna vifaa vinataka kupita, wakajisogeza ukingoni mwa ngazi. Ndani walimaliza wimbo, wakaanza tena kutoka mwanzo, halafu tena. Safari hiyo Msusi aliinama akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Shangazi alikivuta kichwa chake, akakilaza mapajani pake, akaanza kumpigapiga mgongo taratibu, macho yake yakiwa kwenye mlango.

"Nyamaza, mwanangu," akasema. "Nyamaza. Mama anakuja."